Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Jeshi: pimeni masikio ya askari wa mizinga ya kutungulia ndege

Sajini taji mstaafu,
Nkuhungu,
Dodoma.

Kwa viongozi wenye dhamana ya ulinzi wa nchi, afya ya wanajeshi na mafao ya wastaafu.

Waheshimiwa, maafande,

YAH: KUPIMWA NA KUWEKEWA KUMBUKUMBU MASIKIO YA ASKARI WA ULINZI WA ANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima zote mnazostahili. Jambo, maafande.

Nimelitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania kwenye ulinzi wa anga tangu ujana wangu hadi umri wa kustaafu. Nilianza kama mpakia risasi, nikawa mlengaji, nikamaliza nikiwa kamanda wa mzinga. Ninayoyaandika leo niliyapeleka kwanza kwa njia inayotakiwa, yaani barua kupitia ngazi, nakala mkononi, na subira. Barua zilipokelewa na kugongwa muhuri. Nilipokwenda kuulizia nilijibiwa kwa upole kwamba suala linafanyiwa kazi. Baadaye afisa aliyekuwa na faili alihamishwa, na aliyeshika nafasi yake hakulijua faili lenyewe. Wenzangu niliotumikia nao wamepita njia hiyo hiyo na kukwama hapo hapo. Ndiyo maana sasa naandika hadharani, kwa nidhamu ile ile niliyofundishwa depo.

Sitataja kikosi changu, wala mahali tulipokaa, wala idadi ya chochote. Silaha nitakayoieleza ipo katika majeshi mengi duniani na vipimo vyake vimeshachapishwa vitabuni. Siri za nchi nilizitunza nikiwa kazini na nitakwenda nazo kaburini. Masikio yangu si siri ya nchi.

Naomba kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana hata ndani ya Jeshi wapo wasioijua vizuri. Raia anamjua askari wa miguu, anamjua rubani, anamjua komando. Mlinzi wa anga hamjui, kwa sababu kazi yake ikienda sawa hakuna kinachotokea. Anakaa porini na mzinga wake, jua la kiangazi likimchoma mchana na upepo wa usiku ukimkata, akiangalia mbingu ambazo mara nyingi zina mwewe tu. Waliotufundisha sisi walikuwa wametoka vita vya Kagera. Walitusimulia Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilipotumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi badala ya watu wa mjini. Walitusimulia pia jambo lililowauma zaidi: Novemba 1978, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza, ndege zetu wenyewe ziliangushwa na ulinzi wetu wenyewe kwa kudhaniwa ni za adui. Mkufunzi wetu mmoja kila alipofika hapo alikatisha simulizi, akatuamuru tuchore tena maumbo ya ndege, yote, kutoka ya kwanza. Tulichora mpaka vidole vikafa ganzi. Mlinzi wa anga hupewa sekunde chache za kuamua, na akikosea hakuna wa kumrudishia ile risasi.

Hiyo ndiyo kazi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Masikio yetu yameharibika kazini.

Chukueni mzinga wa milimita 23 wenye mitutu miwili, ule wa ZU-23. Kitabu chake kinasema kila mtutu una uwezo wa kutoa risasi 1,000 kwa dakika, yaani 2,000 kwa mitutu yote miwili. Kila upande una sanduku la risasi 50. Mkipiga hesabu mtaona kwamba sanduku linaisha ndani ya sekunde 3. Mlengaji amekaa nyuma ya mitutu hiyo, kichwa chake kiko karibu na mtambo, na mpakia risasi amesimama ubavuni akisubiri sanduku liishe ili aweke jingine. Siku ya shabaha sanduku haliwi moja. Wanapiga wa zamu ya kwanza, wanapokea wa pili, na ninyi mliomaliza hamwendi mbali. Mnabaki pale pale mkiandaa masanduku ya wenzenu.

Wataalamu wa afya kazini wameweka ukomo wa desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa mtu anayekaa kwenye kelele kwa saa 8. Kwa mlio wa ghafla kama wa silaha, ukomo ni desibeli 140, na bunduki ya kawaida tu ya askari wa miguu huupita. Ndani ya sikio, kwenye kile kijumba chenye umbo la konokono, binadamu huzaliwa na seli za kusikia takribani 15,000 kila upande. Zikifa hazioti tena maishani. Za kwanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, za karibu na hezi 4,000 kwenda juu; hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti.

Maana yake nyumbani ni hii. Nasikia lori, nasikia ngoma, nasikia mtu anayenifokea. Simsikii mjukuu wangu wa kike, ambaye sauti yake ni nyembamba. Namwona midomo ikicheza, namwitikia kwa kubahatisha, naye ameshazoea kunivuta shati kwanza ndipo aseme. Dirishani nikiitwa namba 6 nasikia 9, nikiitwa 9 nasikia 6, kwa sababu sita na tisa bila ule mshindo wa t na s kwangu ni kitu kimoja. Jirani yangu wa Kigogo alinisalimia "mbukwa" kutoka nyuma asubuhi nyingi bila mimi kuitikia, hadi akaenda kumwambia mama watoto kwamba mzee wako anaringa kwa kuwa alikuwa mwanajeshi. Barabarani bodaboda ananikaribia sana kabla sijamjua. Na usiku, kila mtu akilala na mtaa ukitulia, ndani ya kichwa changu mlio unaendelea kama nyenje wa Novemba mvua inapokaribia, na hauna msimu wa kukoma.

Mtauliza kama hatukupewa vya kuzibia masikio. Kuna miaka tulipewa na kuna miaka hatukupewa. Tulipokosa tulichana sponji ya godoro, tukasokota na kuingiza. Lakini hata vile vizuri vilikuwa na tatizo ambalo kila aliyekaa kwenye mzinga analijua. Ukiziba vizuri, husikii amri ya kuacha kupiga. Askari anawekwa achague kati ya sikio lake na amri ya kamanda, na askari aliyefunzwa vizuri atachagua amri kila mara. Nilipokuwa kamanda wa mzinga niliwaona vijana wangu wakitoa vizuizi ili wanisikie, nami nilihitaji wanisikie, kwa sababu ndege ya kukokota shabaha ilikuwa juu yetu na mtu yuko ndani yake. Ufumbuzi upo na majeshi mengine yanautumia: vifunika masikio vyenye spika ndani, vinavyoziba mlio na kupitisha sauti ya kamanda.

2. Hakuna karatasi inayosema kilichotupata.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mstaafu anapokwenda kuomba asaidiwe masikio, anaulizwa ushahidi kwamba aliumia kazini. Ushahidi hana. Hakupimwa usikivu alipoingia, hakupimwa katikati, hakupimwa alipotoka. Kwenye jalada lake la afya kuna malaria, kuna chanjo, kuna mguu aliouteguka kwenye mazoezi. Masikio hayamo. Basi anaambiwa, mzee, huu ni uzee.

Mimi si daktari, lakini nimemuuliza daktari wa masikio na amenionyesha kwa kalamu. Sikio lililoumizwa na kelele, mtu akiwa bado kijana, hutoa mchoro wenye bonde: mstari unashuka kwenye hezi 4,000, halafu unapanda tena kwenye 8,000. Sikio la uzee mstari wake unateremka tu bila kupanda. Kwa hiyo ushahidi upo, na kipimo cha muda mfupi kwenye chumba kilichotulia kinauonyesha. Lakini mtu akishafika miaka 60 uzee nao umeteremsha upande wa pili, na lile bonde halionekani vizuri tena. Kila mwaka unaopita bila kumpima askari aliye kazini unafuta ushahidi wake. Sisemi kuna mtu amekusudia hivyo. Nasema ndivyo inavyotokea, na anayepata hasara ni yule yule aliyekaa nyuma ya mtutu.

Mfanyakazi wa kiwandani ana pa kwenda. Askari hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba haiwahusu wanajeshi. Chama cha wafanyakazi hatuna, na Katiba katika ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Sipingi hata kimoja. Jeshi lenye vyama ndani yake linaivunja nchi. Lakini mtu aliyefungiwa milango hiyo yote kwa sababu njema amebakiwa na mlango mmoja tu, nao ni kamanda wake na ninyi mlio juu ya kamanda. Mlango huo ukifungwa hana tena pa kubisha.

3. Zamu na usingizi.

Nitasema kwa kifupi. Lindo la anga halina Jumapili. Mzinga au rada lazima iwe na macho muda wote, na watu wakipungua, kwa likizo, kozi au ugonjwa, waliobaki wanazibeba zamu zao. Nimeshawahi kuona kijana akiwa wima kwenye darubini, macho wazi, amelala. Kulala zamu ni kosa la kijeshi na sitetei kosa. Ila utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mtu wa hali hiyo hatumruhusu kuendesha basi la Singida. Tarehe 8 Januari 2020, karibu na Tehran, walinzi wa anga wa Iran waliokuwa katika hali ya tahadhari kubwa waliitungua ndege ya abiria ya Ukraine iliyokuwa ndiyo kwanza imepaa, wakafa watu wote 176. Dodoma ya leo si ile niliyoikuta. Ikulu ipo Chamwino, wizara zipo Mtumba, Jeshi limejengewa makao Kikombo, uwanja mpya wa ndege uko Msalato. Abiria juu ya vichwa vyetu ni wengi kuliko zamani. Usingizi wa mlinzi wa anga ni usalama wa hao abiria.

4. Droni zimelirudisha sikio kwenye kazi.

Hapa naomba mnisikilize hata kama mengine yote mtayaweka kando. Katika vita vya Nagorno-Karabakh mwaka 2020, Azerbaijan ilizitumia droni kuzisaka na kuziharibu silaha za ulinzi wa anga zenyewe. Ilirusha hata ndege kuukuu za An-2 ili wapinzani wajitokeze kuzipiga na wajulikane walipo. Aliyekuwa mwindaji sasa anawindwa. Na huko Ukraine, ambako droni hurushwa usiku zikiruka chini kiasi cha kukwepa rada, wametandaza vinasa sauti kwa maelfu nchi nzima vizisikilize zinakopita. Nchi yenye rada imerudi kusikiliza.

Sasa fikirini askari wetu wa lindo. Droni ndogo haionekani upesi na rada inaweza kuikosa. Mara nyingi kitu cha kwanza kumfikia mlinzi ni sauti yake, nayo ni ile ile sauti nyembamba iliyokuwa ya kwanza kufa masikioni mwake siku za shabaha. Kumlinda askari sikio ni kuilinda silaha.

5. Ufundi wetu hautambuliki uraiani.

Kijana anayetunza rada anajua umeme, anajua mawimbi, anajua kutafuta hitilafu saketi kwa saketi. Anayetunza mzinga anajua haidroliki na chuma. Akistaafu anakuwa mlinzi wa geti hapa mjini, analipwa kwa kukesha tena. Apewe cheti kinachosomeka na vyuo vya ufundi. Sina la kuongeza hapo.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshayapewa.

Mtasema hakuna fungu. Kipimo ninachokiomba ni mashine moja, chumba tulivu na mtu aliyesomea. Nchi hii imekuwa ikiwawekea watoto viziwi vipandikizi vya masikio pale Muhimbili tangu mwaka 2017, upasuaji ambao zamani mtu alipelekwa nje ya nchi kuufuata. Haiwezekani nchi hiyo ishindwe kupima masikio ya kombania moja kwa mwaka. Na kama hoja ni gharama, tazameni gharama ya kutokupima. Nchini Marekani, mlio masikioni ndio ulemavu unaoongoza kwa wastaafu wa jeshi wanaolipwa fidia. Mwaka 2023 kampuni moja ya huko ilikubali kulipa takribani dola bilioni 6 kumaliza madai ya askari na wastaafu kuhusu vizuia sauti walivyosema havikuwakinga.

Mtasema haya ni mambo ya ndani ya Jeshi. Ningefurahi yabaki ndani, na ndani ndiko nilikoyapeleka mwanzo. Wala hakuna adui atakayefaidika kwa kujua kwamba mzee wa Nkuhungu hasikii vizuri.

Mtasema askari aliingia kwa hiari na alijua hatari. Ni kweli. Niliapa kufa kwa ajili ya nchi hii na kiapo changu sijakifuta. Lakini tulikubali madhara ya adui. Haya yalitupata kwenye mazoezi, wakati wa amani, kwa sauti ya silaha zetu wenyewe, na yangeweza kuzuilika kwa kifaa cha kuvaa kichwani.

Na wapo watakaosema kwamba wastaafu wote wana shida, kwa nini hawa wapewe kipaumbele. Wa mizinga ya ardhini, wa vifaru, wa karakana za ndege nao masikio yao yamekwenda, nawajua. Naandika kuhusu ulinzi wa anga kwa kuwa ndiko nilikokaa na ndiko ninakoweza kuapa ninachosema. Mkitupima sisi, wapimeni na wao.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Kila askari anayepangiwa ulinzi wa anga apimwe usikivu kabla hajasikia mlio wa kwanza wa mzinga, apimwe kila mwaka, apimwe siku anayotoka, na mchoro wa kila kipimo uwekwe kwenye jalada lake na nakala apewe mkononi.

(b) Wastaafu wa kazi hii tuitwe tupimwe mara moja, kwenye hospitali mtakayoichagua, na anayehitaji kifaa cha kusaidia kusikia apewe. Kwa kuwa vipimo vya zamani havipo, kumbukumbu za utumishi zinazoonyesha mtu alikaa kwenye mzinga zikubaliwe kuwa ushahidi wa kutosha.

(c) Vifunika masikio vyenye mawasiliano vinunuliwe, na kamanda asiruhusiwe kuanza shabaha bila hivyo, kama asivyoruhusiwa kuanza bila daktari uwanjani.

(d) Uwekwe ukomo wa saa za lindo la anga, uandikwe, na atakayeuvunja aandike sababu.

(e) Vyeti vya ufundi vilivyotajwa katika namba 5.

Ombi la (a) halihitaji kusubiri mwaka wa fedha ujao. Kuruti waliopo sasa bado masikio yao ni mazima. Naomba majibu ya maandishi kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Nakala za barua zangu za awali zenye mihuri ninazo, na niko tayari kuzileta ofisi yoyote mtakayoniita hapa Dodoma. Mkiniita, naomba mniite kwa barua au kwa ujumbe wa maandishi kwenye simu, kwa kuwa kwa kuongea simuni sitasikia.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Sajini taji mstaafu,
Kamanda wa mzinga, ulinzi wa anga.